Mikono Iliyoganda

Jumatatu saa moja asubuhi, fundi wa zege ambaye wenzake walimwita Chepe alishindwa kufunga vifungo vya shati. Akaisogeza mikono dirishani. Mkono wa kulia ulikuwa umeganda kuwa zege, ngumi imefumbwa, na kokoto mbili zilionekana pale palipokuwa na sugu. Wa kushoto ulikuwa njiani. Akavaa fulana isiyo na vifungo, akaenda kazini.

Msimamizi aliigonga ile ngumi kwa mwiko.

"Imekauka vizuri," alisema. "Sasa hatukuazimi nyundo."

Wenzake wakacheka, naye akacheka. Walimpa kazi ya kushindilia udongo kwenye msingi wa shule mpya, akaifanya vizuri kuliko mashine.

Miezi sita ilikuwa imepita tangu ukuta wa zahanati uwaangukie watu waliosubiri dawa. Alikufa mtu mmoja, mke wa Chepe, aliyekwenda kuchukua vidonge vya presha. Kamati ya wakubwa ilikaa siku tatu, ikanywa soda, ikaona kosa ni la mvua. Mvua haikuitwa kujitetea. Mkandarasi aliyeijenga zahanati akapewa na shule aijenge, na mhandisi akatia saini akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa kiasi cha kupitisha kalamu. Chepe alimsimulia hayo kila mtu, kwa kinyozi, msibani, kwenye foleni ya maji, na yote yalikuwa kweli. Aliruka jambo moja tu. Aliyechanganya mchanga na saruji ya ule ukuta ni yeye. Mkandarasi alimwambia mfuko mmoja wa saruji aupigie toroli saba za mchanga badala ya tatu, naye akapiga nane, na mifuko mitatu akaibeba kwenda kupiga plasta chumba chake cha kulala. Mke wake aliusifia sana ukuta wa chumba hicho.

Ijumaa, mikono yote miwili ikiwa imeganda, alikwenda kwa mchungaji.

"Nipe kazi, Mchungaji. Uzio, choo, chochote. Nitajenga bure mwaka mzima."

Mchungaji alizipima zile ngumi uzito. "Kwa mikono ipi, ndugu yangu? Yesu hatafuti kibarua. Yule mwizi aliyesulubiwa naye hakuwa na mkono wa kufanyia kazi. Aliomba tu, akapewa."

"Na mkandarasi je? Kila Jumapili yuko kiti cha mbele."

"Yupo, na glavu zake. Hajazivua mwaka wa nane huu. Lakini aliyebisha hodi leo ni wewe. Nenda kwa mama mkwe wako, kaseme ulichokiruka."

Mama mkwe wake alikuwa barazani akichambua mchele. Chepe alisimama mbele yake.

"Mama, zege la ule ukuta wa zahanati nililichanganya mimi."

"Endelea."

"Nilizidisha mchanga. Mifuko mitatu nikaileta nyumbani."

"Ndiyo ile ya chumba cha kulala."

"Kumbe ulijua?"

"Mwanangu alinionyesha ukuta wa chumba chenu, anaupapasa kama shavu la mtoto. Na mshahara wako naujua. Siku ya pili ya msiba nilikuwa nimeshaelewa." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Nikakulaani wiki tatu, mpaka sauti ikakauka. Kisha nikapiga magoti, nikakusamehe. Hata mimi nimesamehewa mengine usiyoyajua, na sikuyatolea jasho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea wewe. Mara mkandarasi, mara mhandisi, mara kamati. Nilikosa pa kuingilia."

"Basi niadhibu, mama."

"Sina kiboko, baba. Nina mchele. Kaa tule."

Wali ulipoiva, kwa kuwa Chepe hakuweza kushika kijiko, mama mkwe alimlisha. Chepe alitaka kukataa, akakosa mkono wa kukatalia, akapanua mdomo. Tonge la tatu lilipopita, ngumi ya kulia ilipasuka ufa, na kipande kikaangukia sahani.

"Angalia hizo kokoto zako," alisema mama mkwe, akakiokota. "Nimechambua saa nzima mimi."

Sahani ilipokwisha, Chepe alikuwa na vidole kumi, laini kama vya mtu aliyetoka kuoga. Alilia kwa muda mrefu. Mama mkwe akafagia vifusi.

Jumatatu alikwenda ofisi ya ujenzi kuandikisha kosa lake. Karani alijaribu kushika kalamu, ikateleza kwenye vidole vyake vya zege, akamsukumia karatasi. "Andika mwenyewe." Chepe aliishia darasa la nne. Aliandika kwa herufi kubwa, jina lake likitangulia, kisha la mkandarasi, kisha la mhandisi. Hakuogopa hata jina moja.

"Wewe nawe unaweza kupona," alimwambia karani. "Ni bure kabisa."

"Utajibiwa," alisema karani.

Jibu lilikuja Alhamisi, askari wawili. Walimkuta kwa mama mkwe wake, akimrekebishia bawaba za mlango. Shtaka lilikuwa moja, wizi wa mifuko mitatu ya saruji.

"Na wale wengine niliowaandika?" Chepe aliuliza, huku akinyoosha mikono.

"Tulianzia huko," alisema askari mkubwa. "Tumejaribu pingu za kila aina, mzee. Kwa mikono ile hazifungi."

Kwake zilifunga mara moja. Mama mkwe akavaa viatu, akamshika mkono juu ya pingu, wakaongozana mpaka kituoni wakipita mbele ya shule, ambako ukuta ulikuwa umeshafika madirishani. Chepe alitembea kama mtu aliyelala vizuri, na askari walilazimika kukaza mwendo.