Karata za Aliyeshindwa

Mwalimu wa hisabati alikuwa na desturi ya kusahihisha kazi ya mtu yeyote mara mbili: kwanza kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Jumapili hiyo alikuwa amelipitia daftari ambamo mdogo wake aliandika michezo yake ya karata mara moja tu, na jibu halikuwa alilolitarajia.

Mdogo wake alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kuaminika kazini, ambaye kwa miaka mitatu alimaliza kila likizo katika mashindano ya poka, ule mchezo wa karata wa kamari. Sasa alitaka kuacha kazi acheze tu. Barua ya kujiuzulu ilikuwa mfukoni. Angeipeleka kesho asubuhi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Ugomvi wa nyumba ile ulipozidi, mwalimu mwenyewe ndiye aliyetoa shauri: tupime bahati yako. Ikionekana umekuwa ukibebwa nayo, utabaki kazini. Ikionekana unacheza vizuri na bahati ndiyo inayokuangusha, hakuna atakayekuzuia tena. Alilitoa shauri hilo kwa wepesi kwa sababu alikuwa na hakika ya jibu.

Kipimo chenyewe hakikuwa kigumu. Mchezaji anaposukuma sarafu zake zote za plastiki katikati ya meza na mpinzani akakubali, karata za wote wawili hufunuliwa. Hapo, kabla ya karata zilizobaki kutolewa, nafasi ya kila mmoja huweza kukokotolewa. Mwenye nafasi ya themanini kwa mia, katika fungu la sarafu elfu moja, haki yake ni mia nane. Hiyo ndiyo thamani tarajiwa. Akishinda, bahati imemwongezea mia mbili. Akishindwa, imempokonya mia nane. Ukijumlisha matukio yote, bahati ya mtu inapanda mizani kama gunia.

Na jumla ilikuwa upande wa fundi. Bahati ilikuwa imempokonya zaidi ya nusu ya haki yake.

"Dada, uso huo ni wa kunipongeza au wa kunizika?" fundi aliuliza, akimenya chungwa.

"Nyamaza nihakikishe."

"Mara moja haitoshi? Mimi lifti nikiitengeneza mara moja, watu wanapanda."

"Ndiyo maana mimi napenda ngazi."

Wifi yake, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi, alicheka bila kutaka. "Sema tu, wifi," alisema. "Baya likishasemwa linapungua uzito."

Mwalimu akaanza tena, safari hii kutoka ukurasa wa mwisho, na huko ndiko alikokutana na mistari aliyokuwa ameiruka. Ilikuwa na karata za fundi na neno moja: nilishinda. Karata za mpinzani hazikuwapo. Kwa kuwa nafasi haikokotolewi kwa karata za upande mmoja, alikuwa ameiweka kando kama kazi isiyokamilika. Sasa aliihesabu: thelathini na mmoja. Ushindi ulioandikwa kikamilifu ulikuwa mchache; matukio ya kushindwa, kinyume chake, yaliandikwa yote hadi rangi ya kila karata.

"Mbona ukishinda mara nyingi huandiki karata za mwenzako?"

Fundi aliinua mabega. "Ukishinda unavuta sarafu, dada. Nani ana habari na karata za aliyeshindwa?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. Alikuwa ameipima bahati ya mtu kwa siku zilizomuumiza, karibu hizo tu, sawa na daktari anayepima joto la waliolazwa kisha akatangaza kwamba mji mzima una homa. Aliwaeleza hivyo, polepole.

"Kwa hiyo?" wifi aliuliza.

"Kwa hiyo sijui."

"Huwezi kusema hujui," fundi alisema. "Wewe ndiye uliyesema namba zitaamua. Lete, nijaze."

Alijaza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mpinzani alipewa karata dhaifu, na kalamu haikupumzika. Hakuna kumbukumbu inayokwenda mbio namna ile. Mwalimu alifungua kinywa, lakini wifi alimtangulia.

"Unakumbuka, au unatunga?"

Kalamu ilifika mstari wa nne ikasimama.

"Huu naukumbuka," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na tisa mbili. Mzee mmoja wa miwani alikuwa na wafalme wawili. Tisa ya tatu ikatoka mwisho kabisa, ikawapiga wafalme wake. Yule mzee akanipa mkono. Ndiyo mashindano niliyochukua kombe. Nafasi yangu ilikuwa ngapi?"

"Kama kumi na tisa kwa mia."

"Kombe langu moja, dada. Kumi na tisa."

Akaikata kwa wino mistari mitatu aliyoitunga. Kisha akaitoa ile barua, akaichana vipande viwili bila hasira, akaviweka juu ya maganda ya chungwa. Wifi alijifunika uso kwa viganja.

Mwalimu alilijua neno lililompasa kulisema. Tukio moja halipimi kitu. Tisa moja iliyotoka kwa bahati haithibitishi kwamba mtu hajui kucheza, kama vile vipigo vyake vyote havithibitishi kwamba anajua. Mwanafunzi angemletea hoja kama hiyo, angempa sifuri, kisha angekaa naye mpaka aelewe kosa lake. Hapa ilihitajika sentensi moja tu.

"Nimekosea mahali?" fundi aliuliza. "Niambie ukweli."

Kwenye kochi, viganja vilishuka. Macho ya wifi yalikuwa yamemkazia mwalimu.

"Hapana," mwalimu alisema. "Uko sawa."

Fundi akaitikia kwa kichwa, bila chembe ya shaka, vilevile alivyokuwa akiitikia alipokuwa na miaka mitano na dada yake akimfundisha kuhesabu kwa vidole.