Onyo Kuhusu Kipande cha Breki

Jumanne alasiri Mei-hui alikuwa akizunguka ofisini kukusanya maagizo ya chai, nani anataka sukari nusu na nani hataki barafu, wakati Fan Jui-yun alipomaliza kuongeza onyo kwenye kiunganishi. Nje upepo wa mji wa Hsinchu ulikuwa ukiangusha pikipiki zilizoegeshwa, kama kawaida yake. Jui-yun aliagiza chai ya ulong isiyo na sukari, akabonyeza kitufe, akaegemea kiti. Alijua onyo litafanya kazi. Kazi zake zilikuwa hazikosei, na hakuona haja ya kujifanya hajui.

Kampuni yao ilitengeneza programu za kuendeshea lifti. Huyu aliandika kipande cha milango, yule cha vitufe, na kiunganishi ndicho kilichovishona vyote pamoja, vile fundi cherehani anavyounga mikono na kola vikawa shati. Kilikuwa na tabia moja: kipande ambacho hakuna kipande kingine kinachokiita kifanye kazi, kilikitupa, ili programu iwe nyepesi. Kilikitupa bila kusema neno. Jui-yun ndiye aliyekabidhiwa kiunganishi, na tabia hiyo ilimkera tangu zamani. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, alimwambia Mei-hui, akaandika chaguo jipya: ukiliwasha, kila kinachotupwa kinatajwa, pamoja na jina la aliyekiandika.

Likatokea onyo moja tu. Lilisema kwamba kipande cha kukagua breki, kilichoandikwa na Peng Hsien-ta, kimetupwa.

Mlango wa kioo ukafunguka, Peng akaingia. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, palepale mezani pake, baada ya kulala chini ya meza hiyo majuma mengi ili kipande cha breki kikamilike. Kadi yake ya mlangoni ilifutwa siku ya mazishi, lakini ilifungua. Ulikuwa mwezi wa nne tu, na wafu hutembea mwezi wa saba, kwa hiyo Mei-hui alimwambia kwamba amewahi. Kisha akamwuliza anataka sukari kiasi gani.

"Nusu, na barafu kidogo," alisema Peng. "Nani kaniita?"

"Mimi, Kaka Peng," alisema Jui-yun. "Kiunganishi kinakutupa."

Peng akavuta kiti, akasoma onyo, akataka kujua ni tangu lini. Haikuchukua muda kufahamu. Mstari uliokuwa ukikiita kipande chake ulikuwa umeondolewa juma moja baada ya mazishi, na aliyeuondoa ni Meneja Hsueh. Ukaguzi wa breki uliifanya lifti isite kidogo kila ghorofa kabla ya mlango kufunguka, na wateja walikuwa wamenung'unika. Kipande chenyewe Meneja alikiacha mahali pake. Wakaguzi walipokuja, walionyeshwa kipande, wakaona kimeandikwa vizuri, wakagonga muhuri. Hakuna aliyeuliza kama kimo ndani ya lifti. Hakikuwamo katika lifti yoyote, wala katika ile ya jengo la Zhubei ambako mama yake Jui-yun alihamia baada ya mwaka mpya, ghorofa ya kumi na mbili, akalichagua jengo hilo kwa ajili ya lifti kwa sababu magoti yake hayataki ngazi.

Jui-yun aliogopa, na woga wake, kama ilivyo kawaida yake, ulitoka ukiwa hasira. Akaenda kwa Meneja bila kubisha hodi. Peng akamfuata.

Meneja Hsueh alikuwa mtu wa adabu. Alimpa Peng kiti, akamwuliza kama huko aliko anakula vizuri, akasikitika kwamba hakupata nafasi ya kukaa sana msibani. Halafu akaanza kuuma huku akipuliza.

"Kazi nzuri, Jui-yun. Onyo linafanya kazi. Sasa lizime."

"Bosi, ni mstari mmoja. Nikiurudisha, breki zinakaguliwa."

"Ukiurudisha, vibali vyote vinaanza upya, na kila mwenye jengo atataka kujua kwa nini. Kipande kipo. Mkaguzi kakiona kwa macho yake. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kiwe kwenye lifti anayopanda mama yangu."

Meneja alifikiri kwa dhati. Akasema ana rafiki mwenye nyumba za kupangisha, na pengine mama angepata ghorofa ya chini yenye bustani. Alikuwa akisema kweli, angempigia rafiki huyo simu saa ile ile.

Jui-yun alikataa bustani. Alirudi mezani akaliweka chaguo lake liwe limewashwa siku zote, ili anayetaka kimya akitafute kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake Meneja alikitafuta kwa mkono wake mwenyewe, akakipata, na onyo likazimwa kwenye programu zote za kuuzwa. Jui-yun akawapigia simu wakaguzi. Wakamjibu kwa upole kwamba kipande hicho wanakikumbuka, walikiona, kipo.

Peng alikuwa bado yupo, maana aliyekwisha kuitwa hawezi kurudishwa kwa kuzima onyo. Alimwuliza Jui-yun anwani ya mama yake.

"Utafanya nini huko?"

"Kukagua breki. Mashine isipofanya, inafanyika kwa mkono. Si kazi ngumu, inachosha tu."

Jumamosi Jui-yun alipokwenda Zhubei, alimkuta Peng ndani ya lifti, mgongo ukutani, mkono mmoja umepenya dari mpaka kwenye breki. Kila ghorofa lifti ilisita kidogo, vile alivyoandika, kisha mlango ukafunguka. Mama alikuwa amekwisha kumzoea. Alimletea mapera yaliyokatwa, akamlisha mwenyewe kwa kijiti kwa kuwa mkono wake una kazi, na alimlalamikia binti yake kwamba kijana huyu hataki kukaa, mwambie akae.

Wafu hawapati shida kuwa mahali pengi kwa pamoja. Kabla ya joto kali kuanza Peng alikuwa katika kila lifti ya kampuni, kutoka Keelung kaskazini hadi Pingtung kusini. Watu walimwamkia na kumtajia ghorofa. Katika jengo moja la Taichung walimtundikia koti, kwa kuwa kiyoyozi kilimpiga shingoni. Wachache walinung'unika kwamba lifti zimekuwa za kusitasita, na Meneja Hsueh aliwajibu kila mmoja kwa heshima.

Mwisho wa mwaka, katika mkutano mkuu, Meneja alitangaza kwamba hakuna lifti yao iliyopata ajali, na kwamba hospitali mpya imeagiza programu ileile, bila kubadilisha chochote. Watu wakapiga makofi. Jui-yun akasimama. Alisoma onyo lake kwa sauti, kama alivyokuwa akilisoma ofisini kila Jumatatu, neno kwa neno, bila kutetemeka. Akasema kazi ya mashine inafanywa na mtu aliyekufa kwa kazi hiyohiyo, arudishiwe mstari wake apumzike.

Meneja akajitia hamnazo. "Kwani kuna lifti iliyoanguka?" aliuliza.

Hakuna iliyoanguka. Jui-yun akasema Jumatatu atalisoma tena, akachukua mkoba wake akatoka.

Peng alikuwa kwenye lifti ya ofisi, mkono juu. Alikuwa amekonda, ingawa wafu hawakondi. Jui-yun alimwambia hospitali nayo imeagiza.

"Ina lifti ngapi?" aliuliza Peng.

Jui-yun alimwambia. Peng akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayepanga zamu, akahamisha uzito wa mwili wake kwenye mguu wa pili, akakagua breki.