Sanda ya Bi Khairunnisa

Ujumbe uliingia Sadaf akiwa kwenye foleni ya dawa hospitalini: "Mzigo wako umefikishwa. Ahsante kwa kununua nasi." Akauvuta mtandio kichwani, akatabasamu peke yake. Laiti waliokuwa naye foleni wangejua anatabasamia nini, wangejisogeza mbali naye, kwa maana mzigo wenyewe ulikuwa sanda.

Wala haikuwa sanda ya bafta tupu, ambayo ungeipata duka lolote mjini kabla chai haijapoa. Mamake, Bi Khairunnisa, hakujaaliwa kwenda Hija. Kila akiweka akiba, jambo lilizuka likaila: mara paa la nyumba, mara maradhi ya mumewe hadi akafa nayo, mara figo zake mwenyewe. Sasa alikuwa mtu wa kitandani, na katika dunia nzima alikuwa amebakisha haja moja, azikwe na sanda iliyooshwa kwa maji ya Zamzam.

"Miguu haikufika," alikuwa akisema, "basi na nguo ifike kwa niaba yangu."

Sadaf aliizunguka mitaa yote ya maduka asiipate. Mwishowe, mtandaoni, akamwona mwanamke wa Nairobi anayeletewa na mahujaji, naye alikuwa amebakiwa na moja, nyingine mpaka msafara mwingine urudi. Akaagiza hapo hapo. Mamake akamwonya jambo moja tu, iandikwe jina la mwenyewe. Mtu mzima haandiki jina lake juu ya sanda ya mwenziwe, ni kujitia uchuro. Basi ikaandikwa: Bi Khairunnisa, Kibokoni, nyuma ya msikiti. Tangu siku hiyo kila Sadaf akiingia chumbani, mgonjwa humuuliza, "Ishafika?"

Siku hiyo alipofika nyumbani na dawa zake, kizingitini hapakuwa na kitu. Akatazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya ngazi, akatazama hata mahali ambapo mzigo usingeingia.

"Mama, alikuja mtu?"

"Alibisha mtu, tena sana," alisema Bi Khairunnisa. "Niliita, sauti haikufika. Ndiyo hiyo? Ishafika?"

"Yaja," Sadaf alisema, akatoka tena.

Aliuliza dukani, hakuna. Aliuliza nyumba ya kulia na ya kushoto, hakuna. Nyumba moja tu hakuiuliza, ile ya pale kichochoro kinapopinda, nayo ilikuwa na sababu zake. Kwanza, ilikuwa na msiba. Alfajiri msikiti ulitangaza kifo cha Bi Swafiya, na baada ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa. Pili, watu wa kwa Bi Khairunnisa hawakuwa wakikanyaga pale, msiba au harusi.

Zamani wanawake hao wawili walikuwa chanda na pete. Ramadhani sahani zilikuwa hazipumziki, huyu amepeleka sambusa, yule amerudisha vitumbua, mpaka watoto hawajui sahani gani ya nani. Kisha Sabir, mwana wa Bi Swafiya, akatuma posa kwa Sadaf. Sadaf alikuwa ameridhia, ameridhia mno. Lakini Bi Khairunnisa alijibu kwamba wao huozana wenyewe kwa wenyewe, na kama hilo halikutosha, akaongeza neno juu ya asili ya nyanyake Sabir, neno ambalo katika mji huu halisahauliki. Bi Swafiya hakumtukana. Alimwambia tu, "Usikanyage kwangu, hata siku ya maziko yangu." Tangu hapo sahani ya kwake ya mauwa mekundu ilibaki kabatini kwa Bi Khairunnisa, hairudishwi wala hailiwi. Sabir akaoa kwingine. Sadaf hakuolewa kabisa, na wale watu wa kuozana wenyewe kwa wenyewe hakuja hata mmoja.

Akaipigia kampuni ya kusafirisha mizigo. Binti aliyepokea alikuwa na adabu za kusomea, akasema pole dadangu, akafungua malalamiko, akamwambia afungue picha aliyopiga mpelekaji iwe ushahidi. Ikithibitika hakupokea, pesa zitarudi, mpelekaji atazilipa, na watapelekwa watu kwenye nyumba iliyo pichani wakaulize.

Sadaf akaifungua picha. Bahasha ya plastiki ilikuwa juu ya baraza, jina la mamake likisomeka wazi. Kando ya bahasha palikuwa na viatu vya wanaume vingi, na nyuma yake mguu wa jeneza lililoegemezwa ukutani.

Akampigia mpelekaji, kijana aitwaye Chonga.

"Dada, nilibisha mpaka mkono ukauma," alisema Chonga. "Nikakupigia, simu haishikwi. Kutazama karatasi naona imeandikwa sanda. Kuinua macho naona watu wamekaa nje na jeneza lipo. Nikasema, ala, kumbe ndipo. Kwetu Kaloleni mtu hanunui sanda kama hana maiti."

"Hukuuliza jina?"

"Matangani, dada? Nipige kelele za majina na watu wana msiba wao? Nilipoipiga picha nikampa yule mwenye kufiwa mkononi. Aliisoma, akalia, akanishika mkono. Nami nikampa pole nikaondoka. Kwani kuna makosa?"

Sadaf alikata simu. Alijua sanda iko wapi. Ilikuwa makaburini, chini ya mchanga ambao haujakauka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi yake alivaa buibui akaenda pale kichochoro kinapopinda. Alijiambia anakwenda kusema ukweli, na njiani aliyapanga maneno vizuri, moja baada ya jingine. Sabir alikuwa barazani na wanaume wenziwe. Alipomwona aliinuka, ndevu zimeingia mvi, macho mekundu.

"Makiwa, Sabir," alisema Sadaf.

"Yamepita, dadangu." Kisha akashindwa kuendelea, akaufunika uso kwa kiganja. "Mamako, Sadaf. Mtu yuko kitandani hawezi hata kugeuka, akamkumbuka mamangu kwa sanda. Na kaiandika jina lake kabisa, asijifiche. Ishirini na ngapi miaka hii?"

Sadaf alifungua mdomo. Maneno aliyoyapanga yote yalikuwepo, hakulipata la kwanza.

"Mama alikuwa na yake," Sabir akaendelea. "Alirudi nayo kutoka Makka mwenyewe. Nikawaambia waoshaji, ile iwekeni, mvisheni hii. Mama alikuwa akimtaja Bi Khairunnisa, ujue. Akipika vitumbua humtaja, kisha hukasirika kwamba amemtaja. Nikasema basi, asiende na kinyongo chake kaburini. Aende na nguo ya shoga yake."

Wanawake wakamvuta ndani, wakamkumbatia mmoja baada ya mmoja, wakimwombea mamake dua kwa sauti. Bibi mmoja mzee, mwoshaji, alimwambia kwamba kitambaa kilikuwa laini na kinanukia, na Bi Swafiya alitulia ndani yake. Sadaf alilia sana pale. Wenyewe walidhani anamlilia maiti, na sehemu ilikuwa kweli. Sehemu nyingine alimlilia mamake, na sehemu, kwa haya zake zote, alijililia mwenyewe, maana nyumba ile ingekuwa yake.

Alipotoka akaipigia kampuni. "Futeni yale malalamiko," alisema.

"Kwa hivyo umepokea mzigo, dadangu?"

"Nimepokea."

Angeweza kuishia hapo. Uongo mmoja, watu wamepona, Chonga hatozwi, Sabir anamlilia mamake kwa amani. Mgonjwa angeambiwa mzigo umechelewa, akaendelea kuuliza mpaka siku atakapoacha kuuliza. Lakini Sadaf alikuwa mtu wa chuoni, ameyasoma mambo ya dini, na jambo moja lilimnyima usingizi. Bi Swafiya alikuwa amelala kaburini na mali ya mtu, ambayo mwenyewe hakuitoa. Kuitoa kwake kulitaka ulimi wa Bi Khairunnisa tu, aseme nimetoa, akiwa hai. Na uhai wenyewe ulikuwa ukipungua kila siku.

Basi akakaa kitandani kwa mamake, akamshika mkono uliovimba, akamweleza yote. Mgonjwa alisikiliza macho yamekaza dari.

"Swafiya kavaa sanda yangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Aliniambia nisikanyage kwake hata siku ya maziko yake." Kifua kikampanda, kikamshuka. "Makka yake haikumtosha. Akaja akachukua na yangu."

"Hakuchukua, mama. Aliletewa. Ni makosa ya watu, yeye alikuwa ameshakufa. Mhalalishie tu. Sema umetoa, neno moja. Sabir ashakuombea mpaka sauti imemkauka."

"Aniombee kwa nini? Mimi sikutoa."

"Toa sasa, basi."

Bi Khairunnisa alimgeukia. Macho yalikuwa na machozi, lakini mdomo ulikuwa ule ule uliomjibu mposaji. "Nilikuwa na kitu kimoja, Sadaf. Kimoja. Sikumpa. Na mimi sitaki kitu cha mtu, wala mtu asiseme nimetaka." Akageuza uso ukutani.

Sadaf alimsihi siku ile, na kesho yake, na zilizofuata. Alimsihi akimlisha uji, alimsihi akimbadilisha mashuka. Alimkumbusha vitumbua, akaitoa hata ile sahani ya mauwa mekundu kabatini, akaiweka mahali atakapoiona. Mgonjwa aliitazama sana. Hakusema iondoshwe, wala hakusema neno lililotakiwa. Kitu kimoja tu kilibadilika, hakuuliza tena "Ishafika?" Na Sadaf, aliyekuwa amelichoka swali lile kama mtu anavyochoka na mbu, akawa analitamani alisikie.

Akaenda mjini, akanunua bafta ya dukani, akaificha juu ya kabati. Ilinuka wanga.

Bi Khairunnisa alifariki asubuhi ya Jumatatu, jua likiwa limeshaingia chumbani. Mwishoni midomo yake ilicheza. Sadaf alikuwa akimsomea shahada, akaacha, akainamisha sikio hadi likamgusa mdomo. Pumzi ilikuwepo, sauti haikuwepo. Huenda ilikuwa shahada. Huenda lilikuwa lile neno. Huenda alikuwa akiomba maji tu, kama wanavyoomba wote, na mwanawe akapoteza wakati kutafuta jingine. Hilo Sadaf hatalijua, na ni hilo hasa lililomvunja, kuliko kifo chenyewe, alichokuwa akikingoja kwa muda mrefu.

Msikiti ukatangaza. Mtaa ukajaa. Waoshaji walikuwa wameanza kazi, na Sadaf alikuwa amesimama juu ya kiti akiitoa ile bafta ya dukani, alipoitwa mlangoni.

Alikuwa Sabir, na mikononi alibeba furushi lililofungwa kwa kitambaa cha kijani kilichochakaa.

"Ni ya mama," alisema. "Ile iliyobaki. Aliiosha Zamzam kwa mikono yake, akaianika pale pale, akaja nayo kifuani ndege nzima asimpe mtu kumshikia. Haiwezi kukaa kwangu, Sadaf, hali mamako alitoa ya kwake. Pokea."

Sadaf hakunyoosha mkono. Sitaki kitu cha mtu, ndivyo alivyosema mwenyewe, na ulimi wake haukurudi nyuma mpaka ulipokauka. Akiipokea, atamvisha mamake kitu alichokikataa, na atakuwa amepokea shukrani ya zawadi isiyotolewa. Akiikataa, itambidi aseme kwa nini. Na juu ya kiti mle ndani ilikuwapo bafta yenye kunuka wanga.

"Pokea, dadangu," Sabir alisema tena, na sauti ilikuwa ya kijana yule aliyetuma posa. "Hawa wazee walitupotezea mengi. Tusiwapotezee na hili."

Akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Aliingia nayo ndani, akaifungua kwa meno kwa kuwa fundo lilikuwa la miaka, na chumba kikajaa harufu ya miski ya zamani. Mmoja wa waoshaji, yule yule mzee aliyemvisha Bi Swafiya, alizigusa nguo kwa ncha ya vidole.

"Ya wapi hii, mwanangu?"

"Ya kwake," alisema Sadaf.

Walipokwisha kumvisha, kabla hawajamfunga usoni, walimpisha amuage. Uso wa Bi Khairunnisa ulikuwa umelegea, kinywa kimefungwa vizuri, hakitoi neno wala hakilikatai. Sadaf akainama. Hakujua kama anachotaka kusema ni kweli au ni uongo wa mwisho, na kama ni uongo, utaandikwa juu ya nani. Akamwekea mdomo sikioni.

"Mama," alimwambia, "ishafika."