Fukusi wa Kizazi cha Kumi

Binti yangu alirudi nyumbani Ijumaa saa nne asubuhi na begi moja la nguo na chupa arobaini na mbili za fukusi. Dereva wa pikipiki ya mizigo alizishusha moja moja, huku mke wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni, kama askari wa mpakani.

“Hizo ni nini?”

“Kazi yangu, mama.”

Mke wangu akainua chupa moja kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na mahindi, na juu ya mahindi wadudu weusi wenye pua ndefu wakipishana kama wako sokoni.

“Miaka thelathini,” alisema. “Miaka thelathini napigana na hawa. Nimewaanika, nimewapepeta, nimewamwagia majivu. Leo mwanangu wa kumzaa ananiletea mlangoni, tena wana majina.”

“Si majina, mama. Ni namba.”

“Mimi mwenyewe sina namba humu ndani!”

Mimi ni mchimba visima. Shule niliiacha darasa la sita, sikuifuata wala yenyewe haikunifuata. Binti yangu aliendelea mpaka nikachoka kuhesabu madarasa. Sasa yuko kwenye shahada ya mwisho, ile ya udaktari, ambayo mtu hakai darasani bali anachimba jambo moja mpaka alijue kuliko watu wote. Mtaani wamemwita Dokta tangu siku ya kwanza, na wakaanza kumletea watoto wenye kikohozi. Anawaambia yeye anatibu mahindi. Wao wanaona anawanyima dawa.

Jambo lake ni hili. Kuna unga wa majani unaochanganywa na mahindi ghalani ili fukusi wasiyale. Unafanya kazi, lakini fukusi si wajinga, huuzoea. Dokta anataka kujua wanauzoea baada ya vizazi vingapi. Basi anawafuga, anawahesabu, watoto wao anawahesabu, wajukuu anawahesabu, mpaka kizazi cha kumi na mbili. Kila kizazi ni wiki sita. Alikuwa amefika cha tisa.

“Sasa mbona umerudi?” nilimuuliza tulipokwisha kuziingiza chupa.

“Mkataba umeisha jana, baba. Leo kadi yangu imekataa kufungua mlango wa maabara.”

“Na kazi nayo imeisha?”

“Kazi bado miezi minne na nusu.”

“Nani huyo anayefunga kazi haijaisha?”

“Mfadhili alitoa pesa za miaka mitatu. Mwaka wa kwanza niliandika pendekezo la utafiti. Mwaka wa pili tulisubiri kabati la joto litoke ng'ambo. Fukusi wameanza mwaka wa tatu.”

“Limechelewa kabati, umekatwa wewe?”

Alisema mtunza maabara amepewa amri ya kusafisha rafu kabla ya jioni ili akae mtafiti mpya, na kusafisha maana yake ni maji ya moto. Profesa wake, yule anayemsimamia, alikuwa ughaibuni kwenye kongamano na simu yake haipatikani. Mtunza maabara ndiye aliyemsaidia kupakia.

“Wakifa hawa, baba, ni kuanza kizazi cha kwanza. Na hakuna wa kunilipia kuanza upya. Ndiyo basi tena.”

Aliyasema hayo bila chozi. Hapo nikajua mambo ni mazito, maana huyu hulia hata jirani akikata kitunguu.

Chupa tukazipanga sebuleni. Nyumba yetu ni ya bati, sebule ina dirisha moja dogo. Dokta alitundika kipimajoto ukutani, akakitazama saa nzima, kisha akatangaza kwamba joto letu ni lile lile la kabati la ng'ambo. Nikamwambia, na letu halikuchelewa mwaka.

Jioni ile nikaomba niuone mkataba wake. Kurasa kumi na moja. Mimi huandikiana na mwenye kiwanja ukurasa mmoja wa daftari: malipo kwa futi, nani analisha mafundi, tukigonga mwamba inakuwaje, mtu akiumia nani anampeleka hospitali. Ukurasa mmoja tu, na mambo yote yamo. Huu wa kurasa kumi na moja niliusoma taratibu, kidole chini ya mstari.

“Hapa kifungu cha nne kinasema wewe ni mfanyakazi, ufike saa mbili kamili.”

“Ndiyo.”

“Hapa cha tisa kinasema wewe ni mwanafunzi, kwa hiyo huna likizo.”

“Ndiyo.”

“Na ukiugua?”

“Mwanafunzi.”

“Ukivunja kifaa?”

“Mfanyakazi.”

“Na lile darasa la profesa unalomfundishia? Na mitihani unayosahihisha?”

“Hiyo haimo. Profesa anasema hiyo ni heshima.”

Nikaukunja mkataba. “Mwanangu, wamekufanya popo. Kodi ikidaiwa kwa ndege, una mabawa. Nyama ikigawiwa kwa ndege, una meno.”

“Baba, usiende chuoni.”

“Nani amesema naenda?”

“Nakujua.”

Sikwenda. Kwa nini nisumbuke kugonga mlango wa mtu aliyeko ughaibuni?

Jumanne asubuhi mke wangu alipiga kelele kutoka sebuleni. “Wamezaliwa! Dokta, njoo, wamezaliwa!” Mama wa duka la pembeni aliingia mbio na sabuni ya mtoto mkononi, anapiga vigelegele, anauliza ni wa kike au wa kiume. Mke wangu akamwonyesha chupa. Mama wa duka akatazama chupa, akamtazama mke wangu, akarudi zake na sabuni yake.

Kizazi cha kumi kilikuwa kimeanza kutoka. Dokta aliandika tarehe na saa kwenye daftari lake, akaanza kuhesabu. Tangu Ijumaa sikuwa nimemwona akitabasamu.

Jumatano ikaja barua, imeandikwa na ofisi ya mali ya chuo. Ilisema aliyekuwa mtafiti ameondoka na mali ya taasisi, nayo ni chupa za kioo arobaini na mbili zenye vifuniko vya wavu. Azirudishe katika siku tatu, la sivyo sheria itafuata mkondo wake.

“Nitawarudishia vyote,” alisema Dokta. “Niwapigie magoti, labda watawahifadhi.”

“Wapi hapa pameandikwa fukusi?”

Akaisoma tena. “Hapajaandikwa.”

“Basi warudishie walichoandika.”

“Baba, huo ni ujanja.”

“Ujanja uko wapi? Wamedai chupa, wapewe chupa. Nikiandikiwa kuchimba futi thelathini, sichimbi thelathini na moja kwa kubahatisha moyo wa mtu.”

Mke wangu alikuwa keshavaa viatu. Alizunguka mtaa mzima akikusanya chupa: za jemu, za siagi ya karanga, za mafuta ya nywele, moja kubwa ya achari iliyokuwa bado na harufu, tukaikataa. Alizichemsha zote. Akakata chandarua kuukuu tukafunga midomo. Dokta alihamisha fukusi kwa brashi ndogo ya rangi, chupa kwa chupa, namba kwa namba, siku nzima na nusu, na mama yake pembeni akishika tochi na kumkaripia: “Huyo anatoroka! Mrudishe kwa wenzake!” Kisha mke wangu akazisugua chupa za chuo mpaka zikang'aa kuliko siku zilipotoka kiwandani.

Ijumaa tukazipeleka, mimi na Dokta. Karani wa mali alizihesabu mara mbili, akapiga muhuri, akatupa risiti.

“Safi sana, mzee. Watu wangerudisha vitu hivi, tungefika mbali.”

Hajamaliza kusema, mlango ukafunguka, akaingia mtu mwenye koti la suti na lebo ya ndege bado inaning'inia kwenye begi. Ndiye profesa. Alitazama chupa, zote tupu, zinameremeta.

“Fukusi wako wapi?”

“Shikamoo, profesa,” akasema Dokta.

“Marahaba. Fukusi wako wapi? Mfadhili anataka hesabu ya kizazi cha kumi Jumatatu asubuhi!”

“Wako kwangu,” nikasema. “Mimi ni baba yake. Hawajambo.”

“Mzee, hao ni fukusi wa mradi.”

“Wa kizazi cha tisa ni wenu, sina ubishi. Wengi wamekufa, nitakuleteeni maiti. Hao wa kumi wamezaliwa Jumanne, sebuleni kwangu. Jumanne mlikuwa na mtu kazini? Kama mlikuwa naye, alipwe. Kama hamkuwa naye, basi hao ni mifugo yangu.”

Karani wa mali akainamia kitabu chake, mabega yanatikisika.

Profesa alitupeleka ghorofa ya pili kwa mama wa mikataba, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, akitumaini atatufukuza. Mama huyo alisikiliza pande zote mbili, kisha akavua miwani.

“Profesa, mzee ana hoja.”

“Hoja gani? Ni wadudu!”

“Kwenye karatasi zangu, Jumanne huyu binti hakuwa mtu wetu. Siwezi kumdai mtu wa nje mdudu aliyezaliwa kwake.”

Profesa akashusha pumzi. Si mtu mbaya, nilimwona tu ni mtu aliyezoea kubebewa. Akamgeukia Dokta kwa sauti ya upole.

“Mwanangu, tusifike huko. Nitakuandikia barua ya hisani. Utaingia maabara kama mgeni wangu, utamaliza kazi yako. Pesa hakuna, lakini mlango utafunguka.”

Nilimtazama binti yangu. Vidole vyake vilikuwa vimebana risiti mpaka imekunjamana. Akikataa, pengine shahada ndiyo imekwenda. Akikubali, ni miezi minne na nusu ya saa mbili kamili bila senti. Nilifungua mdomo. Akanikanyaga mguu chini ya meza, na kilo zake si chache.

“Hapana, profesa,” alisema.

“Hapana?”

“Nimekufundishia darasa mihula mitano kwa heshima. Heshima nayo ilikuwa ya miaka mitatu. Imeisha pamoja na mkataba.”

Mama wa mikataba akavaa miwani, akavuta faili nene, akaanza kufunua kwa kidole alicholowesha ulimini. Alifunua sana.

“Ukurasa wa arobaini,” akasema hatimaye. “Mfadhili alitenga fungu la kuchelewa kwa vifaa. Kifaa kikichelewa, mtafiti anaongezewa muda na malipo. Liko tangu mwanzo. Halijaguswa.”

“Kwa nini halijaguswa?” nikauliza.

“Hakuna aliyeliomba.”

Sote tukamgeukia profesa.

“Faili lina kurasa tisini,” alisema profesa.

“Msimamizi ndiye anayeomba,” alisema mama wa mikataba. “Miezi mitano inatosha?”

“Inatosha,” alisema Dokta, “ila sitaki kuwa popo.”

“Kuwa nani?”

“Nikiwa mfanyakazi saa mbili, niwe mfanyakazi na kwenye likizo, na nikiugua. Darasa liandikwe na lilipwe, au lisiwepo.”

Mama wa mikataba akanitazama mimi kwa muda, kana kwamba maneno yametoka mfukoni mwangu. Hayakutoka kwangu. Mimi neno popo tu ndilo langu. Kisha akageukia kompyuta, akaanza kuchapa kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu. Mkataba ulianza kuhesabiwa Jumatatu iliyopita, ili fukusi wa Jumanne wazaliwe kazini. Ulikuwa na kurasa tatu. Dokta aliusoma wote, neno kwa neno, profesa akigonga kalamu mezani na kutazama saa. Zamu yake ilipofika, profesa aliweka sahihi pale alipoonyeshwa, na mahali pengine, na pengine tena.

“Haya,” akasema, akisimama. “Hesabu niipate Jumapili jioni.”

“Jumapili niko likizo, profesa,” alisema Dokta.

“Likizo ipi?”

“Kifungu cha tano. Siku tano za malimbikizo ya miaka mitatu, kuanzia kesho. Mtafiti akiwa likizo, msimamizi anaendesha kazi.”

Profesa akaichukua karatasi, akasoma kifungu cha tano kwa mara ya kwanza. Chini yake ilikuwapo sahihi yake, nzuri, yenye mkia.

“Basi waleteni maabara leo.”

“Waliozaliwa karibuni hawasafirishwi barabarani siku kumi,” alisema Dokta. “Ulinifundisha mwenyewe.”

Jumamosi saa mbili kamili profesa alikuja na brashi yake. Tulimpa kigoda, maana viti vyote vilikuwa na chupa juu. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza na chupa ya jemu. Mke wangu alivuta mkeka akakaa mbele yake na kikombe cha chai.

“Mia moja na nne,” alinong'ona profesa. “Mia moja na tano.”

“Huyo umemhesabu mara mbili.”

“Sidhani, mama.”

“Ana mguu mmoja mfupi. Namjua. Anza tena.”

Akaanza tena. Kufika adhuhuri alikuwa amemaliza chupa sita, mgongo umempinda na jasho linamchuruzika. Akauliza kwa adabu, kama mtu aombaye maji, iwapo Dokta angeweza kuamshwa kidogo tu, amwonyeshe namna ya kutofautisha majike na madume.

Mke wangu alitega sikio kwenye mlango wa chumba cha ndani. Mkoromo ulisikika mpaka sebuleni.

“Yuko kazini,” alisema. “Analala kwa mujibu wa kifungu cha tano. Wewe hesabu, profesa, na funika hiyo chupa, wataniingilia kwenye maharage.”