Palipokuwa Pakavu

Tarehe kumi na saba ya kila mwezi, kwa miaka mitatu, Fundi Segawa alikuja nyumbani kwa Tokie Urabe kumsalimia marehemu. Alivua viatu mlangoni, akavigeuza vitazame nje, akaenda moja kwa moja kwenye madhabahu ndogo yenye picha ya Isamu, mume wa Tokie. Akawasha ubani, akagonga kengele, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alikaa hapo chini muda mrefu kuliko unaohitajika kumwombea mtu. Kisha alikunywa chai ya shayiri, akayasifu maboga ya Tokie hata mwaka yalipokataa kuzaa, akaenda zake.

Mwezi huu alikuja na begi.

"Nimeuza nyumba, shemeji. Kesho asubuhi napanda meli, naenda kwa dada yangu ng'ambo. Hapa kisiwani Iki wamenichoka."

"Nani kakuchoka?"

"Niulize nani hajanichoka. Juzi muuza ngisi kanifungia ngisi huku kanipa mgongo. Nikamwambia, mama, angalau ngisi mwenyewe geuza, nione kama naye hataki kunitazama."

Tokie hakucheka. Alimmiminia chai. Kulikuwa na maneno aliyokuwa ameyakalia miaka mitatu. Kila asubuhi, akimwekea Isamu wali wa moto pale madhabahuni, alimwambia Buddha, "Leo nitasema." Jioni iliingia hajasema. Sasa mtu aliyeubeba mzigo wake alikuwa anaondoka nao kichwani, na meli ni kesho.

Maneno yenyewe ni haya.

Segawa alikuwa mkuu wa karakana ya ndege pale uwanjani. Isamu alikuwa fundi wake, na ndiye aliyezirusha ndege kuzijaribu zikishatengenezwa. Tokie alisafisha vipuri na kusokota vile viwaya vyembamba vya kuzuia nati zisilegee. Ndege ya viti tisa iliyokwenda visiwani ilikuwa imebadilishwa waya zake za usukani.

Usukani wa rubani haushiki bawa lenyewe. Unavuta waya za chuma, waya zinapita juu ya makapi, yale magurudumu madogo ya kuziongoza, chini ya sakafu na ndani ya mabawa, hadi kwenye vibapa viwili vilivyoko ukingo wa nyuma wa mabawa, kimoja kila upande. Ukigeuza usukani kulia, kibapa cha kulia kinainuka na cha kushoto kinashuka, na ndege inalalia kulia. Waya hizo zikiunganishwa kwa kupishana, hakuna kinachokwama wala kinacholia. Kila kitu kinakwenda vizuri, ila kinyume. Kwa hiyo kazi ile hutaka watu wawili: wa ndani anageuza usukani, wa nje ananyoosha kidole na kutamka kwa sauti anachokiona. Na wa nje asimame nyuma ya mkia, atazame anakotazama rubani, ili kulia kwake kuwe ndiko kulia kwa ndege.

Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha. Segawa alikwenda bandarini kuchukua sanduku la vipuri, akauacha muhuri wake wa kuthibitisha ukaguzi kwenye droo kama ilivyokuwa desturi, kazi isilale mkubwa akitoka. Karakana nzima iliijua droo ile. Waliuona ule kuwa wema.

"Tokie!" Isamu aliita kutoka ndani ya ndege. "Njoo uniazime macho."

"Macho yangu yana kazi. Nina nati themanini hapa."

"Nati hazitakimbia. Mimi ndiye nitakukimbia."

"Ukimbilie wapi, na miguu hiyo? Haya, geuza."

Mkia ulikuwa umetokeza nje ya mlango, mvuani. Tokie akasimama mbele, karibu na pua ya ndege. Isamu hakumwona aliposimama. Alikuwa amejikunja chini, mahali rubani anapoweka miguu, jicho kwenye kapi, mkono mmoja juu kwenye usukani.

"Nageuza kulia!"

Tokie aliona kibapa kikishuka upande wa mkono wake wa kushoto. Akanyoosha kidole. "Kushoto chini!"

"Nageuza kushoto!"

"Kulia chini!"

"Sauti kama ya jogoo. Haya, mbonyezee Mkuu muhuri wake, niwahi kuirusha kabla upepo haujazidi."

Akaubonyeza. Jina la Segawa likatoka jekundu, safi, bila doa.

Ndege iliinuka vizuri. Ikafika usawa wa misonobari, upepo ukaisukuma ikalalia kushoto kidogo, jambo la kila siku. Isamu akageuza kulia kuinyanyua. Ikazidi kulala. Naye, kama fundi yeyote, akazidi kugeuza, hadi bawa likagonga ardhi. Tokie alikuwa mlangoni na kitambaa cha mafuta mkononi. Alikuwa nacho bado walipokuja kumwondoa.

Wachunguzi walizikuta waya zimepishana, na karatasi ya ukaguzi ina mihuri miwili, wa Isamu na wa Segawa. Segawa akawaambia, "Mimi ndiye niliyesimama nje nikatamka." Wakamnyang'anya leseni. Tokie alizisikia habari hizo akiwa kitandani, hali wala hanywi. Alisema moyoni, nikipata nguvu nitainuka nikaseme. Nguvu zilirudi. Hakuinuka.

Sasa Segawa alikuwa anakizungusha kikombe bila kunywa.

"Shemeji, nisije nikaondoka na uongo. Siku ile mimi sikuwepo. Nilikuwa bandarini."

"Najua."

"Nilijitwika lawama nikijua aliyekufa hana mdomo wa kujitetea. Lakini sijamsamehe. Nainama pale, unaniona mtu wa sala, kumbe namtukana. Namwambia, Isamu, mvivu wewe, umechukua muhuri wangu ukabonyeza mwenyewe, hata mtu wa kukutamkia hukumtafuta. Miaka ishirini nimekufundisha, ukanifanyia hivyo."

Siku zote Tokie alidhani anamficha Segawa jambo moja tu, kosa lake mwenyewe. Hakujua kwamba humu humu, mbele ya wali na ubani, mumewe alikuwa akitukanwa kila mwezi kwa kosa lisilo lake.

Akachukua sinia la chai, akaviweka vikombe chini.

"Fundi, shika hili kama usukani."

"La nini?"

"Shika tu."

Segawa akalishika, magoti yamekunjwa. Tokie akaenda kusimama mbele yake, uso kwa uso.

"Geuza kulia."

Akageuza. Tokie akanyoosha mkono wake wa kushoto. Sauti yake haikuwa tena ya jogoo. "Kushoto chini."

Segawa alikitazama kidole kile. Kilikuwa kinaonyesha bega lake la kulia. Akatazama bega, akatazama kidole, kisha akalilaza sinia mkekani taratibu.

"Alikuita?"

"Aliniita. Na muhuri niliubonyeza mimi."

"Kwa hiyo hakuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake."

Segawa akageukia picha. Akasema, "Isamu, ndugu yangu." Alilia kama wanavyolia wazee, mabega tu.

Alipoinuka hakumtazama Tokie.

"Kuniacha mimi nibebe lawama, shemeji, pengine siku moja nitasahau. Lakini yeye? Ulikuwa unaniletea chai, nami namtukana ndani ya nyumba yake."

"Sikujua ulichokuwa unamwambia."

"Hukuuliza."

Alivaa viatu bila kuketi, akavikanyaga visigino. Chai ilibaki.

Asubuhi Tokie alimpakulia Isamu wali, akakaa mbele yake, akakosa la kumwambia Buddha. Hakwenda bandarini. Alipanda basi la uwanja wa ndege, akaenda ofisi ya wakaguzi, muhuri wake mwenyewe, wa jina lake, umefungwa kwenye leso. Afisa alikuwa msichana mpole. Aliyaandika yote, mara mbili akaacha kuandika ili amtazame.

"Ulisimama wapi, mama?"

"Mbele, kwenye pua."

"Kwa nini mbele?"

"Palikuwa pakavu."

Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Msichana alikuwa anangoja sababu nyingine, naye Tokie hakuwa nayo.