Moshi Wenye Harufu ya Chipsi

"Mimi nikisema nimeacha, nimeacha," dereva aliwatangazia watu wa nyumbani kwake, amesimama katikati ya sebule kama anayeapishwa jeshini. "Chipsi? Kuku wa kukaanga? Siku mtakayoniona navyo mkononi, nitemeeni mate."

Kiapo hicho kilidumu mpaka mchana wa kesho yake.

Kilichomfanya aape ni daktari wa kazini, aliyemfunga ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, akaguna. Presha ilikuwa juu, na mafuta kwenye damu nayo yalikuwa juu. Akamwambia bila kumung'unya maneno: isiposhuka, atateremshwa kwenye gari la taka na kukabidhiwa ufagio wa yadi. Dereva huyu hakuwa na ujuzi mwingine, wala hakuutaka. Nyuma ya usukani watu walimwita Kapteni. Akishuka, alibaki mtu mfupi mwenye kitambi.

Mkewe hakulichukulia jambo lile kimzaha. Karai la kukaangia lilipandishwa juu ya kabati, na nyumba nzima ikahamia kwenye vya kuchemsha. Hata mama yake dereva, bibi aliyebakiwa na meno ya kuhesabika na presha tulivu kuliko ya wajukuu zake, akawa anakula viazi vyeupe visivyo na chumvi. "Ni kwa ajili ya mwanangu," alisema, akavimeza kama vidonge.

Mwanawe, saa hizo hizo za mchana, alikuwa nyuma ya kibanda cha chipsi kilicho njia ya kwenda dampo, akiramba vidole.

Mtu akila hivyo lazima anuke, na pua ya mkewe haikuwa ya mchezo. Kilichomwokoa dereva ni kampuni yake. Malalamiko yalikuwa yamewafika shingoni: magari ya dizeli yalipita mitaani yakimwaga moshi mweusi, na aliyeanika shuka nyeupe alianua ya kijivu. Basi kampuni ikaanza kuyatilia magari mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mahotelini na vibandani, yakachujwa na kusafishwa kiwandani mpaka yakafaa injini. Weusi wa moshi ukapungua, na wafuaji wakanyamaza. Kasoro ilikuwa moja: gari likipita, mtaa wote hunukia chipsi, na watu waliotoka kula sasa hivi wakaona njaa.

"Unanuka karai," mkewe alimwambia jioni moja, kabla hata hajavua viatu.

"Si mimi, mama watoto, ni gari. Siku hizi tunatumia mafuta ya kukaangia. Ni kwa ajili ya hewa safi. Kesho tukipita hapa, toka nje ukanuse mwenyewe."

Mkewe alitoka, akanusa, akaomba radhi. Tangu siku hiyo akawa anaifua sare ya mumewe mara mbili.

Mambo yalinyooka hivyo mpaka msimamizi wa yadi alipompa dereva gari jipya la betri. Halikuwa na bomba la moshi. Halikunguruma. Harufu yake ilikuwa ya plastiki mpya basi. Dereva mwingine angeliosha kwa sabuni ya kuogea. Huyu alilizunguka kwa unyonge, kama bwana harusi aliyefunua shela akakuta siye. Akaamua nyumbani wasijue kitu.

Kisha ikaja siku ya kupimwa tena, na presha ilikuwa imepanda zaidi.

"Haiwezekani!" mkewe alisema. "Vya kuchemsha asubuhi, vya kuchemsha jioni, halafu ipande? Ipandishwe na nini?"

Dereva akajibu upesi, "Ni ule moshi. Unaingia mwilini. Ngozi inaunywa."

Alisema hivyo ili ale chakula chake kwa amani. Hakujua kwamba kesho yake mwanamke yule angevaa gauni lake la kwendea ofisini.

Dereva aliporudi yadi alasiri, alisikia sauti anayoijua ikitoka ofisi ya meneja. Akaingia na roho mkononi.

"Mafuta yenu yanamuua mume wangu," mkewe alikuwa akisema. "Nyumbani tunakula kama wagonjwa wa wodini. Mama mkwe wangu amekonda. Yeye anazidi kunenepa! Mtu ananenepa kwa moshi!"

Meneja aliufunga mlango upesi. "Taratibu, mama. Wiki hii tuna wageni wanaokuja kuyaona haya magari. Wakisikia moshi wetu unanenepesha, tumekwisha." Akamgeukia dereva. "Daktari ameshanipigia. Nilikuwa nikuteremshe leo hii. Lakini kama ni moshi, wewe kosa lako nini? Tufanye hivi: usukani baki nao, tutakuhamishia gari la betri."

Meneja alijua magari kwa namba na madereva kwa sura. Nani anaendesha lipi, hakuwahi kujisumbua nalo.

Hapo dereva angeweza kusema kweli. Alifungua mdomo, akauonja usukani kwa mawazo, kisha akauona ufagio.

"Nitajitahidi kulizoea, bosi," alisema.

"Mungu akubariki, baba," mkewe akamwambia meneja, machozi yakimlengalenga. "Naomba nilione hilo gari."

Wakatoka wote watatu. Gari la betri lilikuwa limeegeshwa penye chaja, na utingo wake, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akifuta vioo.

"Kuanzia leo dereva wako ni huyu," meneja akamwambia. "Umwelekeze."

Utingo akamtazama meneja, akamtazama dereva. "Kuanzia leo? Bosi, mimi na Kapteni tuko humu tangu gari lilipoletwa."

Dereva akalikazia macho tairi la mbele, kama anayelishuku upepo.

Mkewe alilizunguka gari polepole. Akainama kwa nyuma, akatafuta bomba la moshi, asilione. Akarudi, akamshika mumewe kola ya shati, akavuta pumzi.

"Haya. Na hii harufu," akauliza kwa sauti ya chini, "inatoka wapi?"

"Mke wangu, unajua..."

Utingo aliona mwenzake amebanwa, akamwonea huruma, akaona amsaidie.

"Shemeji, usimgombeze bure," alisema. "Anajitahidi sana. Leo hata sahani ya pili hakuimaliza."