Mti wa Bwana Stesheni

Mti wenyewe ulitoka Ulaya ndani ya kopo. Bwana Stesheni, Mjerumani aliyesimamia stesheni ya Dodoma, aliupenda kupita kiasi. Eti kwao, baridi ikikaribia, majani yake huwa mekundu pyu, na vitunda vyake vya waridi hupasuka vikaonyesha mbegu za rangi ya chungwa. Hauliwi, haujengewi, haupikiwi. Unatazamwa tu! Wazungu nao wana mambo.

Halfani, mtunza bustani wake, aliambiwa atafute udongo bora. Akaupata nyuma ya stesheni, mweusi, laini, wenye samadi ya miaka, palipokuwa na zizi la tembe, nyumba ya Kigogo, lililobomolewa ili reli ipite. Halfani alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Kwao maiti hupelekwa makaburini. Angejuaje kwamba Mgogo mwenye kaya huzikwa zizini, katikati ya ng'ombe wake? Akapiga bismillahi, akachimba, akapanda.

Aliyelala pale chini ni Ndahani. Na aliyeajiriwa kuumwagilia mti ni mjane wake, Nyemo.

Asubuhi ya kwanza Nyemo alifika na kibuyu cha maji, akaona mti uliposimama. Alitaka kupiga yowe. Lakini alikuwa kibarua tu, na askari walikuwa jirani. Akamwaga maji. Huko chini akasikia mtu akishusha pumzi kama aliyetua mzigo.

"Ahsante, mke wangu. Nilikuwa na kiu."

Masikini Nyemo! Tangu amzike mumewe hakuwahi hata kumwota. Sasa kila akimwagilia wanaongea. Ndahani anauliza mvua zimefika wapi, mtamba wake mweusi amezaa, yule jirani mwizi bado yu hai? Nyemo anajibu, anacheka, na watu wa stesheni wanasema akili zimemruka. Msidhani hakuogopa. Aliogopa sana, mikono ilibaki baridi mpaka jioni. Lakini upweke ulikuwa umemchosha, basi akafunga mdomo.

Mti ukastawi, ukazaa vitunda. Majani tu ndiyo yaliyogoma, kijani mwaka mzima, na Bwana Stesheni akanuna.

Reli ilipofika Tabora, Bwana akahamishiwa huko. Halfani ndiye aliyeleta habari.

"Dada Nyemo, Bwana anataka kuondoka na mti wake. Utang'olewa na udongo wake, ufungwe magunia, upakiwe garimoshi."

"Udongo wote?"

"Wote ulioshika mizizi."

Nyemo alirudi kwake hajielewi. Mizizi ile ilikuwa imemkumbatia Ndahani mwili mzima; kuing'oa ni kumng'oa yeye, apelekwe nchi asikokuwa na ng'ombe wala ndugu. Hapana. Afadhali asiisikie tena sauti yake, mradi abaki zizini mwake. Mti ukifa, nani atajisumbua kuubeba?

Akachukua chumvi ya Bahi, akaichemsha. Mchana, Bwana amelala, akaimimina shinani ingali inatoa moshi.

"Mke wangu," sauti ikasema, "leo maji yana chumvi."

"Kunywa, Ndahani." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Kunywa, unisamehe."

Alirudia mpaka sauti ikazimika. Na majani, lo! Yakawa mekundu pyu, mti mzima. Bwana Stesheni alitoka na povu la sabuni ya kunyolea mashavuni, akasimama mbele yake, akalia hadharani. Kisha majani yakapukutika yote, zikabaki fito tupu. Moyo wa Nyemo ukatulia. Umekufa, alijisemea, watauacha.

Halfani akatokea na jembe begani, uso umemchangamka.

"Dada, Bwana amefurahi! Kumbe kwao mti hauhamishwi mpaka upukutike, ndipo unapolala. Ulivyokuwa kijani vile alishakata tamaa, alikuwa auache hapahapa. Sasa anasema tuung'oe leo."

Nyemo akaanguka juu ya shina, akalikumbatia, akayasema yote kwa kilio. Halfani akatupa jembe. "Astaghfirullah! Mimi kaburi sichimbui," akasema, akamfuata Bwana barazani kumsihi. Bwana hata hakumsikiliza hadi mwisho. Wakaitwa askari, mmoja akamburuta Nyemo kando, wengine wakachimba. Bonge la udongo likatoka zima, zito, wakalifunga magunia bila kuangalia lilichoshika.

Pale stesheni, Bwana akauliza ni nani atakayeumwagilia njiani. Nyemo akapanda behewa la mizigo, hakumuaga mtu.

Garimoshi likaanza kuvuta. Nyemo akamwaga maji matamu juu ya magunia, akaweka kiganja pale palipolowa. Sauti ikatoka humo, imekauka, imejaa hofu.

"Mke wangu, mbona siwasikii ng'ombe? Tunakwenda wapi?"

Nyemo akainamisha kibuyu, akammwagia maji yote yaliyobaki.